Waya Uliopungua Uzito

Kila mwaka, muhula ukianza, huwaambia wanafunzi wangu wasiweke waya wa platinamu upande wa pili wa chombo wanapopima kichocheo kipya. Nawaeleza kwamba platinamu huliwa na asidi kidogokidogo, husafiri ndani ya maji, huenda kuganda juu ya kile unachokipima, halafu wewe unarukaruka ukidhani umevumbua kitu kumbe unaipima platinamu ileile. Wanacheka, wanaandika, tunaendelea. Hawajawahi kuniuliza nilijifunza wapi, nami sijawahi kuwaambia. Kwa miaka kumi na miwili nimekula mshahara juu ya somo ambalo mtu mwingine alilipia. Mtu huyo alifariki mwezi uliopita pale Kansanga, Kampala, figo zote mbili zikiwa zimekataa kazi, na tangu nitoke kwenye matanga yake nina hasira hata chai hainipiti vizuri. Sehemu ya hasira hiyo ni ya Profesa aliyekuwa mkuu wetu wa kazi. Sehemu kubwa, nisijidanganye, ni yangu mimi.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilipanga chumba kimoja Kisugu, chumba cha dirisha dogo lililotazama jiko la jirani, na nilikuwa nimepata kazi ambayo wenzangu wa chuo waliionea wivu. Maabara yenyewe ilikuwa Luzira, njia ya kuteremkia Port Bell, kwenye jengo lililowahi kuwa ghala la samaki. Walikuwa wamepaka rangi nyeupe, wakaweka vigae, wakatundika bango la nishati safi lenye jani la kijani, lakini mvua ikinyesha siku mbili mfululizo harufu ya sangara ilirudi palepale, ikaingia mpaka kwenye makoti yetu. Ofisi ya Profesa ilitenganishwa na chumba chetu kwa ubao wa plaiwudi tu. Alizungumza na simu kama anayehutubia uwanja, kwa hiyo mambo mengi ya taasisi ile niliyajua bila kuambiwa. Jina lake silitaji, kwa sababu lipo kwenye mlango wa ukumbi mmoja sasa, na sitaki kuliongezea sehemu nyingine ya kukaa.

Kazi naweza kuieleza kwa mtu yeyote. Ukipitisha umeme ndani ya maji yenye asidi, maji hupasuka, na upande mmoja hutoka haidrojeni, gesi inayoungua bila moshi. Umeme ukiwa wa jua, basi una nishati safi toka mwanzo hadi mwisho. Shida ni kwamba maji hayapasuki kirahisi. Yanataka kichocheo cha kuyasukuma, na kichocheo bora kupita vyote ni platinamu, madini adimu ambayo watu wenye nafasi huvaa vidoleni. Sisi tulitaka kuikwepa. Tulikuwa na unga mweusi wa molibdeni na salfa, ule ule unaotiwa kwenye grisi nyeusi ya magari, ambao umejengeka matabaka kwa matabaka kama kitunguu. Ukifanikiwa kubandua tabaka moja peke yake, unapata utando wenye unene wa atomi tatu tu, na wakati ule dunia nzima ya wanasayansi ilikuwa inasema utando huo ndio utakaoichukua nafasi ya platinamu. Sisi tuliubandua kwa mashine ya kusagia juisi niliyoinunua mwenyewe dukani Kansanga. Tulitia maji, unga na sabuni ya kuoshea vyombo, tukasaga mpaka povu likawa rangi ya masizi. Wageni kutoka ng'ambo walipoiona waliipiga picha, na Profesa akawaambia huo ni ubunifu wa Kiafrika. Wao wenyewe ndio walioiandika mbinu hiyo kwenye jarida lao, na sisi tulikuwa tumeisoma humo.

Kwenye chumba kile tulikuwa wawili kila siku, mimi na Bisimwa. Huyu alikuwa mzee wa miaka hamsini na kitu, mkimbizi kutoka Bukavu, aliyekuwa amefundisha kemia shule ya sekondari kwa miaka mingi kabla vita havijamtoa. Kwetu alipewa cheo cha mwoshaji wa vyombo. Wengine walimwita kwa jina, hata vijana wa umri wa watoto wake. Mimi nilimwita Papa Furaha, kwa jina la binti yake wa kwanza, kama wanavyoitana kwao. Nilikulia kambi ya polisi ambako Kiswahili ndicho kilichotuunganisha sote tuliotoka kaskazini na kwingineko, kwa hiyo yeye na mimi tulielewana tangu siku ya kwanza, ingawa alikicheka Kiswahili changu nami nikakicheka chake. Hakuwa mtu mpole hata kidogo. Alikuwa mbishi, alinuna nikiacha kifuniko cha chupa wazi, na alinisuta kwa nusu saa nzima siku niliyokausha kioo kwa koti langu. Mchana tulikula koridoni kwa sababu ndani hairuhusiwi. Mimi nilikuja na rolex ya Kisugu, chapati iliyoviringishwa na mayai, iliyokwisha kupoa, yeye na kopo la fufu na sombe, kisamvu cha kwao, aliloliandaa mkewe, siku nzuri na kipande cha makayabu, samaki wa chumvi, na hakuna siku aliyonialika mara moja tu. Alinialika mpaka nikaona haya kukataa.

Alikuwa na desturi moja. Kila Jumatatu asubuhi, kabla hatujaanza chochote, aliusuuza waya wa platinamu, akaukausha, akaupima kwenye ule mzani wetu wa kioo, akaandika uzito kwenye daftari lake la miraba. Hakuna aliyemwagiza. Shuleni kwao kulikuwa na mzani mmoja kwa shule nzima na yeye ndiye aliyekuwa akiutunza, na aliniambia mtu asiyepima kitu cha thamani anachokabidhiwa ni mtu anayesubiri kulaumiwa. Waya wenyewe ulikuwa umezungushwa kama springi ya kalamu. Kazi yake ilikuwa kukaa upande wa pili wa chombo na kukamilisha njia ya umeme, basi. Kwenye vitabu vyote ilikuwa hivyo, na makala nyingi tulizozisoma zilifanya hivyo hivyo. Sina kinyongo na kosa lenyewe. Kosa lile walilifanya wengi, wengine wakiwa kwenye majengo yenye marumaru.

Miezi minne hivi ikapita na tukapata kitu cha ajabu. Utando wetu ulipoanza kazi ulikuwa wa kawaida tu, lakini kadiri tulivyouacha kwenye asidi na kuupitishia umeme siku baada ya siku, ulizidi kuwa hodari, mpaka ukakaribia platinamu yenyewe. Vichocheo vingi huchoka, chetu kiliongezeka nguvu. Profesa akakipa jina, utando unaojiamsha, akaagiza umeme ukiwepo tusizime mashine hata dakika moja. Siku wafadhili walipokuja kuona grafu aliagiza pilau na soda, akahutubia kuhusu Afrika itakayowasha dunia, nami nililia kwa furaha, kweli nililia, mbele za watu. Papa Furaha hakuitwa mezani. Aliambiwa abaki anaangalia mashine. Kupitia plaiwudi nilimsikia Profesa akimwambia mgeni, kwa Kiingereza chake kizuri, kwamba Mkongo yule ni mchapakazi lakini watu wale inabidi usiwaondolee macho. Mgeni akacheka kidogo. Mimi nilikuwa na sahani mkononi na niliendelea kula.

Jumatatu iliyofuata Papa Furaha aliniita kwenye mzani. Alinionyesha daftari, wiki moja chini ya nyingine, na kila wiki uzito wa waya ulikuwa umeshuka, chembe kidogo, halafu chembe kidogo tena. Nikamtania kwamba miwani yake ndiyo imechoka, na kama siyo miwani basi mzani ndio mgonjwa. Hakucheka.

"Mzani haisemake uongo, mama," alisema. "Ile waya iko inakwisha. Mi nakuuliza, inaenda wapi?"

Nilimjibu nitafikiria. Nilifikiria siku tatu, na kila nilikokimbilia nilikuta jibu moja. Waya ulipungua wiki zilezile ambazo utando uliongezeka nguvu. Nilipomwambia, akasema tupime. Tulihitaji kitu cha kuchukua nafasi ya waya, kitu kisicho na platinamu hata chembe. Taasisi ilikuwa na bajeti ya mabango ila haikuwa na kijiti cha kaboni, kwa hiyo yeye akaenda kununua betri za tochi, zile kubwa, tukazipasua kwenye gazeti, tukatoa vijiti vyeusi vilivyomo katikati, akavichemsha na kuvisugua mpaka vidole vikamchubuka. Tukatengeneza utando mpya, tukaweka kijiti cha kaboni mahali pa waya, tukawasha. Siku ya kwanza, kawaida. Ya pili, kawaida. Wiki nzima ikapita na utando ule haukujiamsha wala haukupepesa jicho. Tukarudisha waya, na kabla ya siku tatu grafu ikaanza kupanda. Papa Furaha aliitazama grafu ile na nikaona anafurahi, furaha ya mwalimu hasa, kwa sababu hesabu imetoka. Mimi nilichapa grafu zote mbili nikazitia mkobani.

Nilipeleka grafu zote mbili kwa Profesa asubuhi. Alizitazama kwa muda mrefu. Hakuniuliza nimefanyaje, na hapo ndipo nilipojua ameelewa, maana mtu asiyeelewa angeuliza. Aliuliza nani mwingine ameziona, nikamtajia Papa Furaha. Akasema kaboni ya betri za tochi ni uchafu, haiwezi kuwa kipimo, na kwamba makala yetu iko tayari kwa jarida, wafadhili wanaisubiri, serikali inaisubiri. Akazitia grafu zangu kwenye droo na kuifunga kwa ufunguo. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya baba, kama karatasi zangu za kwenda kusoma ng'ambo zimekamilika, kwa sababu barua ya kuniombea nafasi alikuwa bado hajaisaini. Nilimwambia zimekamilika. Nikamshukuru. Miaka yote hii, nikikumbuka kwamba nilimshukuru, natamani kujipiga kofi.

Makala ilitoka kabla mwaka haujaisha. Jina langu lilikuwa la tatu. La Papa Furaha halikuwepo, hata kwenye mstari wa shukrani ambako walimshukuru hadi dereva.

Halafu akaja mkaguzi wa wafadhili kuhakiki mali. Waya wa platinamu ulikuwa kwenye orodha, na uzito wake wa siku uliponunuliwa. Walipoupima waliukuta mwepesi, na mahali pamoja ulikuwa mwembamba mpaka unakaribia kukatika. Mkaguzi akauliza nani anautunza. Papa Furaha akatoka na daftari lake, hana hofu yoyote, akamfungulia ukurasa kwa ukurasa aone uzito wa kila Jumatatu. Alidhani anaonyesha uaminifu. Yule mkaguzi aliona mtu anayekwangua waya kila wiki na kujiandikia alichokwangua. Profesa alikuwa amesimama hapo hapo, mikono mfukoni. Alijua platinamu iko wapi. Ilikuwa juu ya utando wake, kwenye picha ya makala yake, ndani ya hotuba zake zote. Alikuwa mtu mmoja mwenye uwezo wa kusema neno moja likamaliza jambo, na alichosema ni kwamba inasikitisha sana, na kwamba Gereza la Luzira liko hapo karibu, mtu hahitaji hata nauli. Watu wawili walicheka. Siwezi kusamehe mambo mengi ya siku ile, lakini kicheko kile nakisikia mpaka leo nikiwa naendesha gari.

Polisi wakaitwa, wakamchukua. Kituoni Papa Furaha aliwaeleza ukweli wote, kwa utulivu, kama anafundisha kidato cha pili. Mke wake alinisimulia jinsi askari walivyomcheka, eti chuma kinaenda ndani ya maji kama sukari. Akawaambia kama hawamwamini wamwite yule binti anayefanya naye kazi, yeye ni Mganda na amesoma, yeye atawaambia. Akawapa jina langu kwa moyo mmoja. Wakaniita siku ya pili. Nilienda na chakula nilichompikia, wali na maharage, nikamkabidhi askari wa mlangoni. Nililelewa na watu waliovaa sare ile, najua harufu ya vyumba vile, najua jinsi ya kuongea na afande akakusikiliza. Hakuna mtu Kampala nzima aliyekuwa na nafasi nzuri kuliko mimi. Kulikuwa na meza, daftari la maelezo, na inspekta mwenye macho ya usingizi ambaye hakuwa na ubaya wowote na mimi.

"Muzee anasema wewe unajua hii waya ilienda wapi," alisema. "Ilienda wapi?"

"Sijui, afande."

Aliandika. Akauliza kama nina la kuongeza, nikasema sina. Papa Furaha alikuwa kwenye benchi koridoni, hatua chache, mlango uko wazi. Nilipotoka tulitazamana. Heri angenitukana. Alitazama chini akaanza kufunga vizuri kifungo cha shati lake, kile cha shingoni, kana kwamba kuna mahali anatakiwa.

Barua yangu ilisainiwa wiki ile. Polisi walimwachia siku ya tatu kwa kukosa ushahidi, akafukuzwa kazi, na watu wakaniambia basi, yameisha, mshukuru Mungu. Hayakuisha. Familia yake ilikuwa imepita usaili wa kuhamishiwa Kanada, walikuwa wanasubiri tarehe ya safari. Lakini mtu aliyewahi kukamatwa kwa wizi faili lake huwekwa pembeni lichunguzwe, na lililowekwa pembeni halikurudi tena mezani. Furaha aliyekuwa kidato cha tatu aliacha shule. Baba yake, mwalimu wa kemia, alimalizia maisha yake Kansanga akichanganya sabuni ya maji kwenye pipa na kuiuza kwa madumu. Mimi nilikuwa nchi yenye theluji nikiandika tasnifu. Huko ndiko siku moja nilisoma makala ya wageni wengine kabisa wakionya dunia kuhusu waya wa platinamu, wakasifiwa kwa uangalifu wao. Leo onyo hilo liko kila mahali. Na makala yetu bado iko palepale, watu wanaitaja, na Profesa hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa kuirekebisha. Nami pia sikuwahi kuandika. Nilijiambia nasubiri nipate kazi, halafu nasubiri nithibitishwe kazini, halafu nikaacha kujiambia chochote.

Kwenye matanga, ua wao ulikuwa umejaa watu wa kanisa, viti vya plastiki, wanawake wanapika bugali nyuma ya nyumba. Ulipofika wakati wa ushuhuda, ambapo kila aliyemjua marehemu hupewa nafasi, niliinua mkono. Nilikuwa nimejiandaa. Nilisema yote, waya, betri za tochi, droo ya Profesa, kituo cha polisi, na lile neno nililomjibu inspekta. Nilisema kwamba mzee huyu hakuiba, kwamba yeye ndiye aliyeligundua kosa kabla ya wote, na kwamba mimi nilijua nikanyamaza. Nililia. Watu wengine waliguna kwa huruma, mwanamke mmoja akanishika bega, na nakiri kwamba kwa dakika ile nilijisikia mwepesi, nikaona nimefanya jambo kubwa.

Mama Furaha alikuwa kwenye mkeka, amefunga kitenge kichwani. Hakusimama wala hakuomba kipaza sauti.

"Aksanti, mama," alisema. "Lakini hapa ndani nani alisemaka muzee ni mwizi? Sisi hatukukuwa na shaka hata siku moja. Wenye walisema, wako kule kwenu. Ulikuja kusema kwetu sababu kwetu njo kwepesi."

Mchungaji akaanzisha wimbo. Nilikaa chini, nikaletewa sahani, na nilikuwa na hasira naye, nakiri, kwa muda wa kufika nusu ya sahani ile. Halafu ikanigeukia yote.

Nimeandika kwa jarida. Nimewaeleza kila kitu na kuwaomba wachapishe marekebisho, na kwenye orodha ya waandishi nimeweka jina la Bisimwa la kwanza, langu likafuata. Kazi naweza kuipoteza, Profesa ana marafiki. Jana wamenijibu kwa adabu sana. Wanashukuru, suala ni zito, watalichunguza. Ila kuna jambo dogo la utaratibu: mwandishi wa kwanza hajaweka sahihi yake, na kwa kanuni zao hakuna anayeruhusiwa kumsemea mwenzake. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi tangu jana. Siku ile kituoni niliruhusiwa kumsemea. Niliulizwa kabisa.